Daraja la Kinanda

Jumatatu, 4 Machi

Kidole,

Mimi nipo. Mgongo una maneno yake, siusikilizi.

Simu usinipigie. Ilinidondoka tukimwaga zege. Msimamizi akasema zege halimsubiri mtu, wakamwaga. Sasa simu imo ndani ya nguzo, ghorofa ya pili. Kobe, huyu mwenzangu wa kubeba, kila akipita hapo anaiambia nguzo halo.

Basi andika. Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi, yule mwenye kovu. Ananiletea mpaka kazini.

Shangazi yako kaniambia unakitaka kinanda cha marehemu mama yako. Nikamuuliza cha nini, hajui. Mtu mzima anatumwa na ujumbe nusu. Niambie mwenyewe.

Baba yako


Ijumaa, 8 Machi

Shikamoo Baba,

Nimeicheka hiyo simu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Pole lakini.

Piano naihitaji kwa kazi. Nimekodi chumba kinachotazama barabara, juu ya fundi cherehani, na nimeshapata wanafunzi: watoto wachache wa mtaa huu na mzee mmoja aliyestaafu kuendesha treni. Mzee vidole vyake ni kama ndizi, lakini ndiye anayefanya mazoezi kuliko wote. Nawafundishia kibodi ya kuazima. Ikipata joto inazimika, tunaipepea kwa daftari kama mgonjwa wa homa.

Ni chombo cha kazi tu, Baba. Usianze kuwaza mengi.

Ila pale ilipo pana unyevu, na imekaa miaka. Kabla hujaipakia, mwite yule muuza vinanda wa hapo mjini akuangalizie daraja. Hilo ndilo la kwanza, mengine baadaye. Daraja likiwa bovu usijisumbue, utakuwa umesafirisha kuni. Iache, nitatafuta nyingine huku. Daraja likiwa zuri, ilete hata kama nje imechakaa.

Naandika mbio, wanafunzi wanapanda ngazi.

Mwanao,
Kidole


Jumatano, 13 Machi

Kidole,

Nimekwenda kwa muuza vinanda. Mtaani wanamwita Miwani. Anayo miwani, lakini haivai machoni, anaivaa kwenye paji.

Daraja nimeuliza. Mambo yamekuwa mazuri kuliko ulivyoomba. Kinanda kinakuja Jumamosi na lori la saruji linalorudi tupu. Dereva namjua. Tafuta watu wanne wa kushusha, wasiwe walevi.

Usiniulize zaidi. Ukikifungua utashtuka.

Baba yako


Jumapili, 17 Machi

Baba,

Nimeshtuka. Sijalala vizuri.

Wamefunua maturubai nikaona kinanda cheusi kinachong'aa, kina jina refu la herufi za dhahabu juu ya funguo. Nikamwambia dereva amekosea nyumba. Akaniambia mzigo wa mzee ndio huu, mzee mwenyewe kaufunga kamba kwa mkono wake na kuupigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mahari. Nikakaa kwenye ngazi. Fundi cherehani alidhani nimepata habari ya msiba.

Piano ya Mama iko wapi?

Na hii uliyoleta nimeifungua. Daraja limepasuka toka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi nene nikizipiga zinanguruma kama nyuki kwenye chupa. Hata mzee wa treni ameziba sikio.

Muuzaji alikwambia nini ulipomuuliza daraja? Alilitazama kweli? Daraja ni ule ubao wa ndani, nyuzi zinapita juu yake, ndio unaovusha sauti kutoka kwenye nyuzi kwenda kwenye ubao mkubwa wa nyuma. Ukipasuka, sauti haivuki. Mtu akipiga magoti na tochi anauona.

Nilikuandikia kwamba ni chombo cha kazi. Niliandika hivyo ili usiumie. Baba, mimi nilikuwa nakaa kulia na Mama kushoto, kwenye kigoda kimoja, yeye akipiga sauti nene kwa vidole viwili. Siwezi kukaa hivyo kwenye kinanda kingine. Nimejaribu chuoni, nimejaribu hapa. Hiyo ndiyo niliyotaka. Hata kama watoto wasingejifunza chochote.

Niambie iko wapi.

Kidole


Jumatano, 20 Machi

Kidole,

Barua yako nimeisomea kazini nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Kobe akaniletea maji, akauliza nani kafa.

Mimi daraja nalijua la mtoni na nalijua la shuleni. La tatu hukunifundisha.

Ilikuwa hivi. Nilimwita Miwani nyumbani. Nikamuuliza, kinanda hiki kina daraja gani? Akakipiga kidogo, akanyamaza, akakipiga tena. Akasema twende dukani. Ukutani ana karatasi kubwa. Majina ya vinanda yamepangwa, daraja la kwanza juu, la pili, yanashuka mpaka chini. Akauliza chetu kinaitwaje. Nikasema hakina jina. Akapitisha kidole karatasi nzima, juu mpaka chini. Hamna. Akasema mzee, kinanda chako hakina hata daraja la mwisho, ni kama mtu aliyeishi bila kusajiliwa.

Nikaona haya. Nilijiona mimi.

Wewe ulisema daraja likiwa bovu ni kuni. Hiki hakina kabisa. Miwani akaniambia kwa kuwa mimi ni mfiwa atanisaidia. Achukue kile cha mama yako atoe vipuri, anipe cha Jina Refu, daraja la kwanza, namba moja pale juu. Nikiwa na mzigo wa saruji begani huwa naona vizuri. Siku hiyo begani hapakuwa na kitu, nikawa kipofu. Kobe aliuliza, mtu gani anatoa cha kwanza achukue kisicho na daraja? Nikamwambia anyamaze, elimu hana.

Nilitaka ufungue ushangilie. Uliandika chombo cha kazi, nikakutafutia chombo cha kazi.

Na mimi kuna nililoficha. Tangu tumzike sijafungua mfuniko wa kile kinanda. Kinakaa pale kinanitazama nikila. Nilisema kikitoka nyumba itapata hewa. Kimetoka. Hewa haikuja.

Kesho naomba ruhusa niende dukani.

Baba yako


Ijumaa, 22 Machi

Baba,

Kama hujaenda, nenda sasa hivi. Wakitaka vipuri wanaanza kung'oa funguo na nyundo za ndani, na vikishatawanyika havikusanyiki tena. Usipigane naye. Nakujua.

Hiyo karatasi yake inanisumbua. Chuoni tulikuwa na orodha yetu, tukaikariri kama sala, na humo Jina Refu alikuwa wa nne. Jana nikamuuliza rafiki yangu anayefundisha shule ya ng'ambo ya mto. Kwenye orodha yao hayumo kabisa. Nikamuuliza orodha yao inatoka wapi, akasema aliikuta. Na yetu? Nimekaa kitako nimewaza, Baba. Sijui. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza ni nani aliyekaa akazisikiliza piano zote hizo.

Nakulaumu, na sina haki ya kukulaumu. Ningeandika "ubao wa ndani" yote haya yasingetokea.

Nasubiri.

Kidole


Jumapili, 24 Machi

Kidole,

Kaa chini ndipo usome.

Ruhusa nimeipata jana, nikaenda na Kobe. Dukani tukamkuta Miwani anatoka jasho. Wachukuzi wake hawakuja na mteja kafika. Mteja ni mwalimu mkuu wa shule, mama mmoja mrefu, mkoba kwapani, gari limegeuzwa tayari mlangoni. Nikamwambia Miwani nimekuja kwa ajili ya kinanda changu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kile kilishavunjwa kitambo, habari zake zimekwisha. Halafu, bila aibu, akaniomba mimi na Kobe tumsaidie kukitoa cha mwalimu mpaka kwenye gari, ndipo tuzungumze.

Niliposikia kimevunjwa, masikio yaliziba. Nikafanya alichosema kwa sababu mwili umezoea kuambiwa beba.

Cha mwalimu ni cheusi, kinang'aa, Jina Refu kwa dhahabu. Kobe akashika nyuma, mimi mbele. Tukasema hee-haa, tukanyanyua.

Kikavuta kushoto.

Kidole, kinanda cha mama yako kinavuta kushoto. Siku tulipokiingiza nyumbani kilitaka kunivunja kiuno, na tulipokitoa juzi juzi kilifanya vilevile. Kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Nikamtazama Kobe. Kobe macho yamemtoka. Akasema, "Mzee, huyu si shemeji?" Kile kinanda anakiita shemeji, tangu zamani, alikuwa akimtania mama yako.

Tukakiweka chini, katikati ya mlango. Nikainama nikakwaruza chini kwa kucha. Chini ya weusi kuna hudhurungi. Kucha yangu ikanuka rangi mbichi.

Nilitaka kumkamata kwenye kola. Mkono ulishafika. Nikakumbuka sijasoma, na polisi watamsikiliza mwenye duka. Nikaurudisha.

Nikamuuliza kwa upole, mbele ya mwalimu, hiki ni daraja gani. Akasema la kwanza. Nikauliza na kile ulichonipa mimi? Akatazama huku na huku. Mwalimu naye akamtazama. Akasema la kwanza.

Nikamwambia, "Basi hamna hasara. Wewe unanipa la kwanza, mimi nakurudishia la kwanza. Hiki nakichukua."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akisema hapana, atasema kwa sababu gani? Aseme kile ni kibovu, mwalimu yupo. Aseme hiki si Jina Refu, mwalimu yupo. Kobe akaja akakaa juu ya kizingiti akasema sisi hatuna haraka, leo Jumamosi.

Mwalimu si mjinga. Akasema kama vyote ni jina moja na daraja moja, kwake sawa, achukue kile kingine. Hapo nilikuwa nimeshapata changu, ningenyamaza. Sikuweza. Kinanda kinakwenda kwa watoto. Nikamwambia kile kiko kwa mwanangu, kimepasuka ndani, asikichukue. Na hiki si Jina Refu, hiki kilikuwa cha mke wangu, na rangi haijakauka.

Mwalimu akatoa karatasi yake mkobani. Orodha nyingine. Kwake Jina Refu ni wa tatu. Akaiweka kando ya ile ya ukutani, akamuuliza Miwani ni nani anayepanga haya madaraja.

Miwani akaishusha miwani machoni, mara ya kwanza namwona anaivaa. Akasema, "Mwalimu, watu hawasikilizi, wanasoma. Nikimwambia mtu kaa upige, anaogopa. Nikimpa namba, anatulia. Hii nilichapishiwa hapo nyuma, duka la tatu."

Mwalimu akabaki ameshika karatasi yake kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Akaikunja, akaifunua. Akauliza na hii yake je. Miwani akasema hiyo sijui, lakini mchapaji ni yuleyule, angalia chini. Pale chini kweli pana jina la mchapaji.

Sijawahi kuona mtu aliyesoma akiishiwa maneno hivyo. Sikufurahi. Alinitia huruma. Akaingia kwenye gari mikono mitupu.

Nikamuuliza Miwani swali moja. Kwa nini hukukivunja kama ulivyosema? Akasema alikipiga pale nyumbani kwangu, ndiyo maana alinyamaza. Kinalia kuliko vyote alivyonavyo. Kilikosa jina tu, akakipa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Huyu kizuri kakipaka rangi kijitembeze.

Kinakuja kesho, lori lilelile. Kile kibovu mpe dereva. Weusi sikuweza kuutoa, samahani.

Baba yako


Jumanne, 26 Machi

Shikamoo Baba,

Imefika. Nilijua kabla hawajaishusha, mmoja wa wabebaji alitoa tusi akasema inamvuta.

Nimekaa kulia. Kushoto nikaacha wazi. Nimepiga mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine. Ni yenyewe, Baba. Na weusi wake wote, na dhahabu ya uongo, ni yenyewe. Ile sauti nene ya katikati, ile aliyokuwa akiirudia Mama, yenye kama kikwaruzo cha koo mwishoni, ipo.

Leo asubuhi nikamwita fundi wa piano wa huku aje aikaze nyuzi. Akautoa ubao wa mbele, akapiga magoti na tochi. Akaniita niinamie.

Daraja limepasuka.

Si jana wala juzi. Ni ufa wa zamani, umejaa vumbi gumu. Na ndani ya ufa, pale chini ya ile sauti yenye kikwaruzo, kuna kabari. Nikamwuliza fundi ni kitu gani. Akaichokonoa kidogo kwa bisibisi, akasema dada, hiki ni kibanio cha nguo, nusu yake.

Nikakaa chini sakafuni.

Ni Mama. Ni nani mwingine? Yule mwalimu wa muziki ambaye Mama alikuwa akimfulia nguo alimwachia piano hii alipohama, labda kwa sababu ilikuwa imeshapasuka. Mama akaifungua peke yake, akasikiliza panapolia vibaya, akashindilia kibanio cha kamba ya nguo. Mimi nimekua juu ya sauti hiyo nikidhani ndivyo piano nzuri inavyolia. Chuoni nilizipima zote kwa hiyo. Zile za daraja la kwanza nilikuwa naziona zimekosa kitu. Kumbe zimekosa kibanio.

Halafu nikakumbuka barua yangu. Nilikwambia daraja likiwa bovu, iache. Baba, ungenielewa. Ungepiga magoti na tochi, ungeuona ufa, ungenitii. Piano ya Mama ingepasuliwa kuni hapo uani, kwa maandishi yangu mwenyewe, na mimi ningekushukuru.

Fundi anasema anaweza kutengeneza daraja jipya. Ufa utaondoka, kikwaruzo kitaondoka, italia safi kuliko ilivyowahi kulia. Na asipofanya hivyo, kabari siku moja itachomoka na ufa utaendelea. Anataka jibu wiki hii. Nimeshindwa kulitoa. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Kidole


Alhamisi, 28 Machi

Kidole,

Nimeisoma mara nyingi. Kobe nimemsomea, na leo amepita kwenye nguzo bila kuiambia halo.

Vibanio vilikuwa vikipungua pale kambani. Nikamshuku jirani. Sikumsalimia mwaka mzima.

Nimekaa na mwanamke yule ndani ya chumba kimoja, sikujua kama anafungua kinanda. Alifanya lini? Mimi nikiwa kazini, lazima. Nikirudi ananiwekea maji ya kuoga, hasemi kitu. Nimeduwaa. Kuna mambo mangapi mengine.

Mama yako alikuwa na jino la mbele limekatika. Wewe ulizaliwa ukalikuta hivyo. Wakati mmoja daktari wa meno alisema atamwekea jipya, kazi ya nusu siku. Akakataa. Akasema akilitengeneza hataweza kupiga mluzi. Nikamwambia mwanamke mzima anapiga mluzi wa nini. Akacheka, akapiga.

Mimi sikwambii uache, sikwambii utengeneze. Wewe ndiye unayefundisha, na kazi haisubiri kabari ichomoke.

Ila fundi asiguse bado. Nimeomba ruhusa, Jumamosi napanda lori la saruji nakuja. Weka kigoda. Hiyo sauti mama yako alikuwa akiipiga mimi nikiingia mlangoni na buti za zege, nikimwambia punguza kelele, nimechoka.

Nataka niisikie nikiwa nimekaa. Fundi asubiri nje.

Baba yako